Damu Ambayo Violet Hakuitoa

Kwa mujibu wa cheti chake cha kuzaliwa, Violet alikuwa na miaka kumi na saba. Cheti chenyewe alikitengeneza mama yake, Tabita, na jina pia alilichagua yeye. Watu wa Tunduma wakimuuliza Tabita kwao ni wapi, alijibu kwamba ametoka ng'ambo, Nakonde. Akivuka kwenda Nakonde kuchukua vitenge, na huko wakamuuliza, alisema yeye ni Mtanzania. Kwa miaka kumi na moja majibu hayo mawili yalitosha. Nusu ya watu wa mji ule wana shangazi upande wa pili wa mpaka, na hakuna mwenye muda wa kumfuatilia shangazi wa mwenzake.

Ukweli ni kwamba walikotoka hakukuwa upande wowote wa mpaka. Jua la kwao lilikuwa linapoa. Watu wao walitawanyika familia moja moja, kila familia na chombo chake, na kabla ya safari wataalamu waliwabadilisha sura na ngozi ili wafanane na watu wa huko waendako. Chombo cha akina Violet kilianguka wakati wa masika kwenye tope la Ziwa Rukwa, mbele ya Galula, kikazama chote. Violet alikuwa na miaka sita. Baba yake alitoka humo akiwa amechanika ubavu.

Mama mmoja mkulima wa mpunga aliwakuta kando ya shamba lake, akadhani mafuriko yamewabomolea nyumba. Akawakaribisha kwake, akawapa uji na mkeka. Mbwa wake alikuja akaramba damu ya baba iliyodondoka pale chini. Haikuwa nyekundu, ilikuwa nyeupe iliyochafuka, kama maji yaliyooshewa mchele. Kabla ya saa sita mchana yule mbwa alikuwa amekufa, miguu imekakamaa, povu mdomoni. Baba naye alikufa siku ya pili.

Wataalamu waliweza kubadilisha sura, lakini damu iliwashinda. Tangu siku ile Tabita alikuwa na amri moja tu kwa mwanawe: usijikate mbele ya mtu.

Violet aliitii amri hiyo shule ya msingi nzima, akaitii na sekondari. Hakucheza rede wala hakumenya muwa kwa kisu. Wenzake walimwona mwenye maringo, naye akawaacha waone hivyo. Alipochaguliwa kidato cha tano, shule mpya ikataka fomu ya afya iliyojazwa na daktari. Tabita hakuthubutu kumpeleka mtoto hospitali. Alipata fomu ya zamani ya mtu asiyemjua, iliyotumika kufungia maandazi sokoni, akanakili kila kilichoandikwa humo. Uzito, macho, mapafu, kundi la damu. Alipofika kwenye kundi la damu aliandika O hasi, kwa sababu ndivyo ile karatasi ilivyosema. Hakujua kwamba ni damu adimu.

Mwalimu Osea wa biolojia ndiye aliyeitoa habari hiyo hadharani. Siku aliyofundisha makundi ya damu alikuja darasani na orodha.

"Shule nzima," alisema, "wenye O hasi ni wawili tu. Na wote wako humu ndani. Eliakim, simama. Violet, na wewe simama."

Darasa likapiga makofi na kucheka. Violet alisimama akiangalia dawati. Alipoinua macho alimkuta Eliakim, yule kijana mrefu wa Ileje, anayekaa nyuma dirishani, anamwangalia kama mtu aliyeitwa jina lake kwenye stendi ya ugenini.

Wakati wa mapumziko alimfuata.

"Kumbe sisi ni ndugu," Eliakim alisema.

"Ndugu wa wapi?"

"Wa damu. Hukumsikia Mwalimu? Mimi nikipungukiwa, wa kunisaidia ni wewe peke yako. Na wewe vilevile. Kwa hiyo usinikasirikie ovyo."

Violet hakutaka kucheka, ila alicheka. Hapo ndipo mambo yalipoanzia, juu ya uongo ambao hata si yeye aliyeuandika.

Eliakim alikuwa amepanga mtaa wa Mpemba pamoja na mama yake, Elina, mjane aliyeshuka kutoka milimani kuuza maharage na parachichi ili mwanawe asome. Violet naye aliishi Mpemba. Basi ikawa kila siku wanarudi pamoja kando ya barabara kuu, upande wa kushoto malori yamepanga foleni kusubiri mpaka, upande wa kulia vumbi na vibanda. Eliakim alipenda kuzungumza. Alimfundisha maneno ya Kindali, lugha ya kwao, na kumcheka alivyoyatamka. Alimweleza kuhusu mto wa kwao ambao mvua zikizidi unabeba daraja la miti, na watoto wa ng'ambo hukaa wiki mbili bila shule. Alitaka kuwa mhandisi arudi kujenga daraja la zege ambalo halibebeki.

"Na wewe?" alimuuliza siku moja. "Unataka kuwa nani?"

Hakuna aliyewahi kumuuliza Violet swali hilo. Kwao lilikuwa swali la hatari. Mtu anayetaka kuwa kitu ataonekana, na wao walitakiwa wasionekane.

"Nataka kukaa sehemu moja," alijibu.

Eliakim hakucheka. Alimshika mkono, na kwa mara ya kwanza Violet hakuuondoa.

"Mbona baridi hivi? Kama umetoka kuchota maji kwetu asubuhi ya Juni."

"Ndivyo nilivyo."

"Sawa," alisema Eliakim. "Nitaupasha moto." Hakuuliza tena kamwe. Kila walipotembea aliuchukua tu ule mkono, akauingiza kwenye mfuko wa sweta lake pamoja na wa kwake, kana kwamba hiyo ni kazi aliyokabidhiwa.

Tabita aliona. Mama gani asingeona?

"Mwanangu, yule kijana ni mzuri," alimwambia wakikunja vitenge. "Ndiyo maana naogopa. Mtu mbaya ungemficha ukweli bila kuumia."

"Na nikimwambia?"

"Ukimwambia, utakuwa umemtwisha mzigo wako kichwani. Atalala nao, ataamka nao. Kuna siku utamponyoka mdomoni, hata akiwa hataki. Baada ya hapo sisi tutaenda wapi tena?"

Violet aliendelea kukunja vitenge, lakini moyoni alikuwa ameshaamua. Alichoka kupendwa kwa jina la kutunga na damu ya kutunga. Alitaka Eliakim amjue yeye, hata kama akimjua atamkimbia.

Alichagua Jumamosi, mchana, baada ya masomo ya ziada. Walikaa kwenye mawe karibu na barabara, foleni ya malori imesimama mbele yao bila kusogea, madereva wengine wamelala chini ya matela.

"Eli, kuna kitu nataka kukuambia. Kuhusu kwetu."

"Umeposwa Nakonde?"

"Acha utani. Ni kitu kikubwa. Nikikuambia, utanisikiliza mpaka mwisho?"

Eliakim alimtazama vizuri, akaona midomo ilivyomkauka.

"Nitakusikiliza mpaka kesho ukitaka," alisema. "Subiri nikuletee maji kwanza. Sauti yenyewe haitoki."

Duka lilikuwa ng'ambo ya barabara. Eliakim alipita katikati ya malori mawili, kama kila mtu Tunduma anavyopita. Aliingia pale anakimbia kidogo, huku amemgeukia Violet na kumwonyesha kidole: usiondoke. Lori la mbele likarudi nyuma. Halikurudi sana, labda hatua mbili. Violet alisikia mlio wa chuma, kisha sauti ya Eliakim, ambayo haikuwa neno lolote.

Madereva waliamka, wakapiga kelele, wakalisukuma lori. Violet alipofika, Eliakim alikuwa chini, paja la kulia limesagika, damu inamwagika juu ya lami. Ilikuwa nyekundu sana. Violet aliwahi kuona damu za watu, lakini siku ile aliiangalia kama anaiona mara ya kwanza. Alivua sweta lake akalikaza juu ya jeraha kwa nguvu zote, akaendelea kulikaza ndani ya bajaji mpaka hospitali.

Elina alifika na kanga moja, bila viatu. Baada yake alikuja Mwalimu Osea na wanafunzi wengi. Muuguzi, mwanamke wa makamo aliyeitwa Frida, alitoka chumba cha upasuaji.

"Mshipa mkubwa umechanika," aliwaeleza. "Daktari anaweza kuuunga na mguu ukapona, lakini mtoto amepoteza damu nyingi mno. Bila damu hatuwezi kumfungua. Yeye ni O hasi, na hawezi kupokea nyingine. Tuliyokuwa nayo ni chupa moja, na tumeshaiweka. Tumeomba Mbeya, inakuja, lakini mpaka ifike ni jioni. Kuna ndugu mwenye kundi hilo?"

Elina alitikisa kichwa. Alikuwa ameshapimwa, hakuwa nalo.

Mwalimu Osea akageuka. Uso wake ulikuwa umejaa furaha, furaha ya mtu aliyekumbuka mahali alipoweka ufunguo.

"Violet! Jamani, Violet ni O hasi! Iko kwenye fomu yake."

Macho yote yakamwangukia. Violet alikuwa ameegemea ukuta, mikono ina damu ya Eliakim mpaka kwenye viwiko. Nesi Frida alimshika bega.

"Njoo, binti. Haichukui muda. Hata maumivu si makubwa."

"Hapana," alisema Violet.

"Unaogopa sindano? Nitakushika mwenyewe."

"Siwezi. Naomba msinichome."

"Kwa nini huwezi? Unaumwa? Una ujauzito? Sema tu, hatukuhukumu."

Violet alitafuta uongo wa haraka. Uongo ulikuwa chakula chake tangu utotoni, lakini saa ile hakuupata hata mmoja. Kila aliloweza kusema lingemfanya Frida ajibu, "Basi tukupime tujue." Na tone moja tu kwenye kioo cha maabara lingetosha.

"Sitaki," alisema.

Elina alikuja polepole, akapiga magoti mbele yake, mama mtu mzima, kanga inaburuza sakafuni.

"Binti yangu, ulikula kwangu. Ulikaa kwenye kigoda changu ukamenya maharage. Sikuombi kingine maisha yangu yote. Nisaidie mwanangu."

"Mama, inuka. Nakuomba uinuke."

"Siinuki."

"Siwezi, Mama. Siwezi!"

Mtu fulani nyuma alisonya. Msichana wa darasani kwao akasema kwa sauti, "Na alikuwa anajifanya anampenda." Frida alisema kwa uchovu kwamba sheria haimruhusu kumlazimisha mtu. Violet akakimbia nje.

Alisimama nyuma ya jengo la kufulia, katikati ya mashuka yaliyoanikwa. Hakukaa peke yake muda mrefu. Elina alimfuata, na safari hii hakuja kuomba. Alimkamata mkono kwa vidole vigumu vya mkulima.

"Niambie alichokukosea mwanangu. Kama ni ugomvi, niambie. Kama ni roho mbaya tu, niambie nijue nilikuwa namlisha nani."

Violet aliangalia kushoto na kulia. Kisha akachomoa pini iliyofunga kanga ya Elina begani, akajichoma kidole cha shahada, akakikamua.

Tone lilitoka. Lilikuwa jeupe, zito, lenye harufu ya kitu kilichoungua. Likaanguka juu ya mguu mtupu wa Elina. Violet akainama haraka akalifuta na sketi yake kabla halijaingia kwenye ngozi iliyopasuka.

"Hii ndiyo ningempa," alisema. "Baba yangu alimwaga kidogo tu, mbwa akairamba, akafa. Eli ningemuua, Mama. Mbele yako, ukiwa unanishukuru."

Elina aliachia mkono. Alirudi nyuma mpaka shuka likamfunika bega. Midomo yake ilicheza bila sauti, kama mtu anayesali au anayehesabu.

"Wewe ni nani?"

"Mimi ni Violet."

"Yeye anajua?"

"Hajui. Leo ndiyo nilikuwa namwambia."

Elina akafunga tena kanga yake bila pini, akarudi ndani. Hakumwambia mtu neno. Wote waliomwona akirudi peke yake walielewa kwamba binti amekataa mara ya pili.

Damu kutoka Mbeya ilifika saa moja jioni. Eliakim aliokolewa, lakini mguu ulikuwa umekaa bila damu muda mrefu mno. Walimkata juu ya goti.

Mji ulikuwa na cha kuzungumza. Shuleni hakuna aliyekaa dawati moja na Violet. Wanawake waliokuwa wakinunua vitenge kwa Tabita waliinama kwenye meza yake, wakagusa kitambaa, wakamtazama usoni, wakaondoka. Tabita hakumgombeza mwanawe. Aliposimuliwa habari ya pini alikaa chini tu, akajifunika uso na mikono.

"Ungefanya nini kingine?" alisema mwishowe. "Hata mimi sijui."

Ijumaa ya wiki ya pili Mwalimu Osea alimwita ofisini. Hakuwa na hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Violet, nimefikiri sana. Wewe si mtoto mbaya. Labda fomu ilikosewa, na wewe ulijua, ukaogopa kusema. Nataka nikusafishie jina. Jumatatu muuguzi atakuja shuleni kukupima upya, mbele ya Mkuu wa Shule. Ikionekana wewe si O hasi, watu wote watakuomba radhi."

"Ahsante, Mwalimu," alijibu Violet, na alimaanisha. Akatoka, akaenda kumwambia mama yake kwamba wana siku tatu.

Siku ya mwisho alikwenda hospitali saa za kuona wagonjwa. Eliakim alikuwa kitanda cha dirishani. Alikuwa amekonda, na shuka lilikuwa limelala bapa pale ambapo mguu ungekuwa. Elina alikuwa pembeni anamkatia parachichi kwenye sahani.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba," alijibu Elina, bila kuinua macho.

Eliakim alimtazama Violet kama mtu anayesoma maandishi ya mbali.

"Wameniambia mambo," alisema. "Nimekataa kuyaamini. Nimewaambia mpaka uje wewe. Ni kweli ulikataa?"

"Ni kweli."

"Mara mbili?"

"Ndiyo."

"Nieleze tu, Vai. Nilikuahidi nitakusikiliza mpaka mwisho. Nakusikiliza."

Basi akamweleza. Aliongea kwa sauti ya chini, wagonjwa wengine wasisikie, na hakuacha kitu: jua linalopoa, chombo kilichozama Rukwa, baba yake, mbwa, fomu iliyofungiwa maandazi. Alivyozidi kueleza ndivyo alivyosikia, kwa masikio yake mwenyewe, jinsi maneno yale yalivyokuwa mepesi. Alipomaliza, macho ya Eliakim yalikuwa yamejaa machozi.

"Nimelala hapa wiki mbili," alisema, "nikikutafutia sababu. Nilisema labda ni dini. Labda ni ugonjwa unaouonea aibu. Chochote ungeniambia ningekipokea. Ukaenda ukatunga hadithi ya watoto, ukaniletea mimi, hivi nilivyo."

"Eli, si hadithi. Mama yako..."

Kisu cha Elina kilikuwa kimesimama katikati ya parachichi. Wanawake wale wawili wakatazamana juu ya kitanda. Neno moja tu la Elina lingetosha. Violet alimsubiri alitamke, na aliona wazi neno lile likija mpaka kwenye midomo na kurudi.

"Mwanangu amechoka," alisema Elina. "Mwache apumzike."

Eliakim aligeukia ukuta.

Pini ile ya Elina ilikuwepo, kwenye kola ya Violet. Angeweza kuichomoa. Mkono wake ulifika kolani, ukakaa hapo, kisha akaushusha. Akaaga, akatoka.

Alikuwa amefika kwenye ngazi za nje Elina alipomfikia, anahema.

"Nisamehe," alisema Elina. Alikuwa analia waziwazi, bila kujifuta. "Akiujua ukweli hatakuacha. Namfahamu, nimemzaa. Atakufuata hata kwa mguu mmoja, mpaka huko mtakakokimbilia, na wakiwakamata watamkamata na yeye. Akikuchukia atabaki. Atasoma. Mimi nina huyo mmoja tu."

Violet alitaka kumchukia, lakini hakuweza. Mama yake mwenyewe angefanya vilevile.

"Asiache kusoma," alisema. "Usimruhusu aache, hata akisema hawezi."

"Sitamruhusu."

"Na mikono yake inauma kwenye vidole wakati wa baridi. Hasemi, ila inamuuma."

Elina alimvuta akamkumbatia, ubaridi na yote, katikati ya watu wanaopanda na kushuka ngazi. Kisha akamwachia, akarudi kwa mwanawe.

Jumapili, watu wakiwa makanisani, Violet na Tabita walivuka mpaka wakiwa na mabegi mawili, kama wafanyabiashara wengine wowote. Hawakusimama Nakonde. Walikwenda mbali zaidi, kwenye mji ambao hakuna aliyewajua, wakachukua majina mengine. Violet hakuendelea na shule.

Habari zilimfikia mwaka uliofuata. Mama mmoja mchuuzi wa vitenge kutoka Tunduma, asiyewajua, alipita dukani kwao, akawa anapiga soga huku akisubiri mzigo wake ufungwe. Alisimulia habari za kijana mmoja wa Mpemba, wa magongo, aliyefaulu kidato cha sita vizuri sana na kupata nafasi ya kusomea uhandisi. Mama yake aliita majirani, wakaimba barabarani.

"Si ndiye yule aliyenyimwa damu na msichana wake?" Tabita aliuliza kwa sauti ya kawaida, kama mtu aliyewahi kusikia.

"Huyohuyo, mama. Nilimtania siku hiyo. Nikamwambia, leo yule binti angekuona angejuta. Unajua alinijibu nini? Alisema hamkumbuki tena hata jina."

Violet alikuwa amepiga magoti sakafuni, anakaza kamba kwenye mzigo wa yule mchuuzi. Alifunga fundo la kwanza, kisha la pili juu yake. Akauinua mzigo kwa mikono yote miwili, akamtwisha yule mama, akamsindikiza mpaka mlangoni na kumtakia safari njema.